Kwa Nini Impreza Yangu Haijashushwa

Wapenzi wa Subaru hapa Nairobi wana salamu yao. Mkikutana kwenye kituo cha mafuta, kabla hajakujulia hali, mwenzako atainama kutazama nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Kwangu nafasi hiyo inapitisha kiganja kizima. Basi swali ni lile lile: "Bosi, hii utaishusha lini?"

Sitaishusha. Gari lenyewe ni Impreza WRX ya 1997, umbo ambalo mashabiki hulitaja kwa namba ya chesisi, GC8. Lilitoka Japani likiwa limetumika, likaingia Kenya kabla halijatimiza miaka minane, maana baada ya hapo sheria yetu hailipokei tena. Utengenezaji wa GC8 ulikoma mwaka 2000, kwa hiyo tangu 2008 hivi hakuna nyingine inayoteremka Mombasa. Zilizopo ndizo hizo hizo, zinauzwa kutoka mkono hadi mkono, na kila moja imeshakula mashimo, matuta na moramu kwa miaka mingi. Anayenunua moja leo hapati gari lililosifiwa na majarida ya miaka ya tisini. Anapata injini nzuri iliyokalia raba zilizokufa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa ni kurudisha kilichopotea. Cha kuongeza nimeongeza kidogo, tena kwa makusudi.

Tuanze na gari lilivyotoka kiwandani. Impreza ilizinduliwa mwaka 1992. Injini yake ya lita mbili, EJ20, imelala: pistoni zinakwenda kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka, na uzito wake wote uko chini. Hilo kila shabiki atakuambia hata usipomuuliza. Wasichokisema ni kwamba injini hiyo inaning'inia mbele ya ekseli ya mbele. Ukiingia kona kwa kasi, pua inakuwa nzito; unakata usukani na gari bado linataka kwenda moja kwa moja. Subaru waliliacha hivyo wakijua wanachofanya. Dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta, na gari linalosukuma pua likiachiwa mafuta hurudi lenyewe kwenye mstari. Gari linalorusha mkia halina huruma hiyo.

Mbele kuna mfumo wa MacPherson: springi na shokamzoba vimeunganishwa kuwa nguzo moja, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshikwa na mkono mmoja ambao mafundi huuita kontrolamu. Nyuma nako ni nguzo, ila chini ya kila gurudumu kuna fito mbili za kukaa kwa upana wa gari na moja ya kuelekea mbele. Ni mpangilio mwepesi na wenye nguvu. Unadai vitu viwili tu, nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na bushi (raba za viungo) nzima.

Sasa tazama kinachotokea ukilishusha. Gari likiwa katika kimo chake, ncha ya nje ya kontrolamu iko chini kidogo kuliko ya ndani, au sawa nayo. Ukiweka springi fupi (au ukizikata kwa grainda, na nimeshawaona wanaofanya hivyo mchana kweupe), bodi inashuka lakini gurudumu linabaki pale pale barabarani, kwa hiyo kontrolamu inaelekea juu. Kila bodi ina kitovu chake inachozungukia inapolala kwenye kona. Katika MacPherson, kontrolamu ikielekea juu, kitovu hicho kinashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Umbali kati ya hivyo viwili ndio mtaimbo unaolilaza gari, na wewe umeurefusha. Umelipa pesa, gari limekuwa chini, na hamu yake ya kulala kwenye kona imeongezeka. Ndiyo maana wauzaji wa springi fupi huzifanya kuwa ngumu pia, ugumu ufiche kilichoharibiwa na ufupi.

Hayaishii hapo. Kontrolamu ikishapita usawa huo, gurudumu la nje kwenye kona linaanza kuegemea nje badala ya ndani, na tairi linakanyaga ukingo wake. Tairodi, ufito unaoligeuza gurudumu, nayo haiendi tena sambamba na kontrolamu, kwa hiyo ukigonga shimo gurudumu linageuka kidogo lenyewe na usukani unakuvuta mkono. Na ndani ya nguzo mle kuna raba ya kuzuia chuma kisigonge chuma mwisho wa safari. Gari lililoshushwa kwa shokamzoba za kawaida huishi juu ya raba hiyo. Katikati ya kona, tuta dogo tu linatosha: ugumu unaruka ghafla na tairi linaachia. Wenye magari hayo hukuambia gari "limekaza". Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mimi napenda hesabu, nivumilie kidogo. Chukua gurudumu moja la mbele linalobeba kilo 320 za bodi. Springi ya nyutoni 30 kwa kila milimita, chini ya mzigo huo, inabonyea karibu sentimita 10 na nusu, na bodi ikiguswa inacheza mara moja na nusu kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha gari la kimichezo linalokalika. Sasa weka springi ngumu maradufu, nyutoni 60. Bodi inacheza mara 2.2 kwa sekunde, na hapo mgongo wako unaanza kulalamika, lakini hilo mtu hulizoea. Kibaya ni kwamba springi hiyo imebonyea sentimita 5 na kidogo tu. Gurudumu likifika kwenye bonde la lami lenye kina cha sentimita 7, springi inamaliza nguvu yake yote kabla gurudumu halijafika chini, na kwa muda huo tairi linaelea.

Tairi linaloelea halikati kona, na breki yake haina kazi. Kwenye uwanja wa mashindano wa Suzuka, au barabara kuu ya Ujerumani, mabonde ya namna hiyo hayapo, na springi ngumu inalipa. Mimi kazini naenda kwa Outer Ring na Jumapili naenda kwa Magadi Road. Kwangu mimi gari kukaa barabarani maana yake ni matairi manne kubaki ardhini, na ardhi yetu ina mengi ya kusema.

Picha iliyowatia watu wazimu wa kushusha ni ile ya Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, imebanwa chini mpaka tairi limeingia ndani ya bodi. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya lami kama Corsica. Gari hilo hilo likija kwetu lilivaa vingine. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns aliposhinda mwaka 2000 huku Juha Kankkunen akifuata wa pili kwa Impreza nyingine, magari yao yalikuwa yameinuliwa, yana ngao nene chini ya injini, vyuma mbele vya kukinga mifugo, na bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo ili injini isinywe maji ya mito. Springi zilikuwa laini kuliko za lami na safari ya gurudumu ilikuwa ndefu. Mafundi wale walikuwa na pesa za kujaribu chochote duniani, na barabara za Kenya ziliwapeleka juu.

Wanaodhani kwamba hilo ni suala la nguvu za injini wakumbuke Safari ya 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 660. McRae alianza na kimojawapo asifike mwisho. Patrick Njiru, mtu wa hapa, akakifikisha chake nafasi ya kumi na mbili kwa jumla. Nikipewa nafasi ya kuendesha gari moja tu la historia ya mashindano yale, nitaiacha Impreza ya McRae na kuomba Vivio ya Njiru.

Turudi kwangu. Kabla ya kununua hata nati moja, inua zulia la buti na utazame mahali nguzo za nyuma zinapofungwa kwenye bodi, kisha upapase ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. GC8 inajulikana kwa kutu sehemu hizo. Japani kaskazini hunyunyiza chumvi barabarani majira ya theluji, na gari lililoishi huko linaweza kuwa limekuja na ugonjwa wake chini ya rangi inayong'aa. Nguzo mpya kwenye bati lililooza ni pesa ya kutupa. Langu lilikuwa zima. Nikaendelea.

Bushi ndizo zilizobadilisha gari hili kuliko kitu kingine chochote, na hakuna anayezipiga picha. Hizi ni raba zilizobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, kwenye kila kiungo ambacho mkono wa gurudumu unakutana na bodi. Zikizeeka hupasuka, na gurudumu linapata uhuru ambao halikupewa. Ukifunga breki linarudi nyuma kidogo, ukikanyaga mafuta linakwenda mbele, ukiingia kona linageukia linakotaka. Dereva anahisi gari linachelewa. Anageuza usukani, panapita kitambo kifupi, ndipo gari linaitikia. Wengi hudhani hiyo ni springi laini. Nyuma ya GC8 kuna fito nyingi na kila moja ina bushi pande zote mbili, kwa hiyo uchakavu mdogo mdogo unajumlishwa mpaka mkia unakuwa na akili zake.

Uchaguzi ni raba ya kawaida, raba ngumu zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya Kundi N (daraja la mashindano la magari yaliyo karibu na ya kiwandani), au zile za rangi za poliyurethani. Za rangi zinauzwa sana na zina mahali pake. Bushi ya nyuma ya kontrolamu, raba za stabilaiza (chuma cha kuzuia bodi isilale), raba zinazoshika reki ya usukani: hapo poliyurethani inafaa, kwa sababu mwendo ni wa upande mmoja au haupo kabisa. Lakini ufito wa nyuma unaoelekea mbele hujipinda pande kadhaa kwa wakati mmoja gurudumu likipanda. Raba inakubali kupindwa hivyo. Poliyurethani inakataa, inabana, na mkia unakuwa mgumu bila springi kuguswa. Tena inalia. Vumbi la Kajiado likiingia humo, gari litapiga kelele kama kitanda cha hoteli ya bei rahisi mpaka ulifungue na kulipaka grisi upya. Niliweka raba ngumu za Kundi N kwenye fito zote za nyuma na poliyurethani kwenye reki peke yake.

Fundi wangu ni mzee wa Kirinyaga Road aliyejifunzia kazi kwenye Peugeot 504, na kwake sote ni vijana. Siku ya kufunga, msaidizi wake alikuwa chini ya gari na spana, gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Mzee akamzuia.

"We kijana, hiyo nati usiikaze."

"Mzee, si imeingia vizuri?"

"Imeingia. Gari liko hewani. Litatembea hewani?"

Raba ya bushi imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajisokota. Ukikaza nati gurudumu likiwa linaning'inia, umeifunga raba katika hali hiyo. Ukishusha gari, raba inasokoteka hata kabla ya kuondoka gereji, na kila tuta linaisokota zaidi. Itapasuka mapema sana na utaapa kwamba ulipewa spea bandia. Dawa ni kuziacha nati zote zikiwa zimeshika tu, kulishusha gari juu ya ubao au njia panda za chuma ili uzito ukae kwenye magurudumu, kulitikisa litulie, ndipo zikazwe. Hii haiongezi hata senti moja kwenye gharama. Ni kazi ya kulala chini kwenye nafasi finyu, basi, na gereji nyingi hazina subira nayo. Simama pale ukaone inafanyika.

Shokamzoba sasa, au shoki kama tunavyozoea kusema. Watu huzipima kwa kubonyeza boneti na kuhesabu gari linaruka mara ngapi. Kipimo hicho kinaonyesha zilizokufa kabisa tu. Iliyopoteza nusu ya nguvu inaficha, kwa sababu mkono wako hauwezi kuisukuma kwa kasi ya shimo. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi ukizunguka: ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, gurudumu limekuwa likidunda barabarani muda mrefu. Tazama kama mafuta yamechuruzika kwenye nguzo na kushika vumbi. Na sikiliza gari baada ya nusu saa ya moramu yenye vijituta vya mfululizo. Shoki ya kawaida ya mabomba mawili ikipata joto, hewa na mafuta huchanganyika kuwa povu, na povu halizuii kitu. Gari lililotoka Kiserian likiwa na adabu linafika Magadi linayumba. Zenye gesi ya shinikizo kubwa na bomba moja huvumilia joto zaidi, lakini bomba lake likibonyezwa na jiwe pistoni inakwama, kwa kuwa inatembea kwenye ukuta huo huo wa nje. Hakuna iliyo bora kila mahali. Nilichagua za mabomba mawili zenye gesi, za Kijapani, za kimo cha kiwandani, ngumu kidogo kuliko za asili hasa gurudumu linaporudi chini. Springi nilibakisha za kiwanda. Nilizipima urefu zote nne na zilikuwa bado sawa kwa sawa.

Ipo njia nyingine ambayo jamaa wa Nakuru na Naivasha wanaipenda, nami siwalaumu. Nguzo za Forester ya kwanza, ile ya SF, zinaingia kwenye Impreza ya umbo hili na kuliinua gari sentimita kadhaa. Forester zimejaa Kenya nzima, spea zake zipo hata kwenye miji midogo. Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya matope ni jawabu safi. Bei yake ni kwamba uzito umepanda, magurudumu yanabadilisha mlalo, na viungo vya shafti za mbele vinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Nyumbani kwangu lami inafika getini, kwa hiyo niliacha.

Kuna chuma kinachounganisha vichwa vya nguzo mbili za mbele ndani ya boneti. Kinapendeza sana. Kwenye bodi nzima isiyo na kutu sijawahi kuhisi tofauti, ila nakipangusa kila nikifungua boneti.

Matairi yanastahili makala yao wenyewe, lakini wacha niseme machache. WRX za mwanzo zilivaa 205/55R15, na STI (toleo kali zaidi la WRX) za baadaye katika umbo hili zilivaa 205/50R16. Ukuta wa tairi la kwanza una milimita 113. Ukihamia 215/40R17, unabaki na milimita 86. Zile milimita 27 ulizozitupa zilikuwa springi ya kwanza ya gari lako, na ndizo zilizokuwa zikiilinda rimu mashimo ya Mombasa Road yanapojificha chini ya maji ya mvua. Rimu za Impreza hii zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Za STI za kuanzia 2005 ni 114.3 na haziingii, hata muuzaji akikuapia. Na soma tarehe ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne za mwisho, 2319 kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lililokaa miaka kumi kwenye bohari limeshakuwa ubao. Mimi nimebaki na inchi 16 na matairi mapya ya daraja la kati. Kama pesa zako zinatosha kitu kimoja tu katika yote niliyoandika, nunua matairi uache mengine.

Baada ya hayo yote pua bado ilikuwa nzito, kama ilivyozaliwa. Hapo ndipo nilipoongeza. Stabilaiza ni fito la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale. Ukiikaza ya nyuma, sehemu zaidi ya uzito unaohama kwenye kona inabebwa na tairi la nyuma la nje, la mbele linapumua, na pua inakubali kugeuka. Ugumu wa fito hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo kutoka milimita 20 kwenda 22, tofauti ambayo jicho haliioni, ugumu unaongezeka kwa asilimia 46. Ndiyo maana sikwenda 24. Stabilaiza nene inafunga ndoa kati ya magurudumu mawili: la kushoto likipanda jiwe, la kulia linavutwa nalo, na ile faida ya springi laini uliyoitunza kwa gharama unaimwaga. Ya milimita 22 yenye matundu mawili ya kurekebisha, ikifungwa kwenye tundu laini, inatosha barabara zetu. Badilisha na linki zake kwa wakati huo huo, za asili zina plastiki inayokatika.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ndiyo kazi inayoonewa kuliko zote. Mashine ina rangi ya kijani na nyekundu, na fundi wa mashine akiona kijani kazi imekwisha kwake. Kijani cha kiwanda kinaacha kemba ya mbele, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele, karibu na sifuri. Kwa dereva wa familia ni sawa. Kwa gari lenye pua nzito ni kulinyima dawa yake ya bei nafuu kuliko zote. Karakana moja iliniambia kemba ya mbele ya gari hili hairekebishiki. Inarekebishika: boliti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika nguzo na gurudumu ina kichwa kisicho katikati, ukiizungusha gurudumu linaegemea. Nilikwenda kwingine na karatasi yenye vipimo vyangu. Mbele digrii moja na nusu ndani, pande zote mbili sawa. Nyuma digrii moja. Magurudumu ya mbele yatazame mbele tu, sifuri kwa sifuri, ya nyuma yatazamane ndani kidogo sana ili mkia utulie kwenye mwendo wa barabara kuu. Niliomba nikae kwenye kiti cha dereva wakati wanapima, kwa sababu gari linapotembea lina mtu ndani. Kijana wa mashine alicheka, kisha akaona namba zinavyosogea nilipokaa, akamwita mwenzake aje aone.

Magadi Road, ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka Kona Baridi, ina kona za kila aina na upepo wa kutosha, na asubuhi ya Jumapili malori ni machache. Pale ndipo tofauti inaposikika, kwa mwendo halali kabisa. Kuna kona ya kushoto yenye lami iliyopasuka katikati, ambapo zamani mkia ulikuwa unaruka pembeni kidogo na moyo nao. Sasa gari linaingia, linalala kiasi, maana bado linalala na sioni haya, linapita juu ya ufa huo na kuendelea na kona kana kwamba ufa ni wa watu wengine. Vijana waliokuwa mbele yangu siku moja kwa Impreza mpya zaidi, iliyoshushwa, walipunguza mwendo kabisa pale. Nilipunguza pia, sina haraka. Lakini mimi sikuwa na haja.

Kilichobaki ni raba za juu za nguzo za mbele, ambazo zimeanza kugonga ninapokata usukani gari likiwa limesimama. Za Kundi N ni ngumu zaidi na zinaingia bila kubadilisha chochote, ila nguzo inabidi ishuke, springi ibanwe kwa vyombo vyake, na alaimenti ifanywe upya kwa sababu ile boliti ya kemba inafunguliwa. Itasubiri karo ya Januari ipite. Mzee ameshaniambia nisilete springi mpya siku hiyo, hata kama nimezipata kwa bei nzuri.